Probu ya pH inasoma 7.6, matone yanasema 8.2: soma kwanza kabla hujabonyeza kukalibreti

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, maelezo ya kwenye mabano ni yangu: "Nina tanki la maji ya chumvi la lita 200, lina samaki wawili na matumbawe laini. Probu ya pH (kijiti cha kupima uchachu wa maji) imefungwa kwenye samp (tanki dogo la pembeni la kuwekea vifaa), kontrola (kifaa kinachosoma probu) inanionyesha namba muda wote. Wiki tatu zilizopita niliikalibreti (niliirekebisha isome sawa) kwa bafa (maji ya dukani yenye pH inayojulikana) ya 7 na ya 10. Sa hivi kila nikiamka inasoma 7.6, lakini nikipima kwa matone (dawa ya rangi unayolinganisha na kadi) napata 8.2. Nimeweka dawa ya kupandisha pH mara tatu, inapanda halafu kesho yake iko palepale. Nani muongo hapa? Na kukalibreti ni kila baada ya muda gani, nafanyaje nipate uhakika?"

Ndugu yangu, kwanza hiyo dawa iweke kabatini, isitoke mpaka umalize vipimo ntakavyokuelekeza hapa. Sikutishi, ila dawa nyingi za kupandisha pH ni kabonati au bikabonati tu, sasa ukiimwaga kila siku unachopandisha kwa kudumu siyo pH, ni alkaliniti (uwezo wa maji kuzuia pH isishuke), pH yenyewe inarudi chini ndani ya siku moja lakini alkaliniti inabaki na kujilimbikiza, ikipita kiasi kalisiamu inaanza kuganda kwenye hita na ndani ya pampu na matumbawe yanakunjamana. Kwa hiyo pima alkaliniti leoleo. Maji ya bahari yenyewe yana kama 7 dKH (kizio cha alkaliniti), wafugaji wengi wa matumbawe wanakaa kati ya 7 na 11, ukikuta umeshafika 13 au 14 basi jua probu haikuwa tatizo lako kubwa.

Haya, nani muongo. Inawezekana kabisa hakuna muongo. Umesema probu inasoma 7.6 ukiamka, lakini hujasema matone unapima saa ngapi, na nina wasiwasi unapima jioni, manake ndo muda watu wengi wanapata nafasi ya kukaa na tanki. Usiku taa zikizimwa mwani na matumbawe yanaacha kutumia kaboni dioksaidi, kila kilicho hai mle ndani kinapumua tu, gesi inajaa kwenye maji na pH inashuka mpaka muda mfupi kabla taa hazijawaka. Mchana inapanda, kilele chake ni jioni kabla taa kuzimwa. Tofauti ya 0.2 au 0.3 kati ya asubuhi na jioni ni kawaida, na kuna matanki inazidi hapo. Kwa hiyo hata kabla ya kugusa probu, kesho asubuhi pima kwa matone saa ileile kontrola inaposema 7.6. Halafu angalia kadi ya rangi kwenye mwanga mweupe, siyo chini ya taa za bluu za tanki, rangi zote zinadanganya pale. Na kumbuka rangi za kadi mara nyingi zinaruka hatua ya 0.2 au 0.3, sasa mtu anayesema "nimepata 8.2" kwa matone amepata kitu kati ya 8.0 na 8.4, macho yake ndo yamechagua katikati.

Hapo huenda nusu ya ugomvi ikaisha. Nusu iliyobaki ni ya probu, na hapa ndo nataka tukae.

Probu haijui pH. Naomba hili likae kichwani kwa sababu kila kosa la kukalibreti linatokea hapa. Ile ncha ya kioo inatoa volti ndogo sana, milivolti, kutegemea maji yana asidi kiasi gani. Kwenye pH 7 probu nzuri inatoa karibu 0. Kila pH ikipanda kwa 1, kwenye nyuzijoto 25 inashuka kama milivolti 59, kwa hiyo kwenye bafa ya 10 utakuta kama -177, na kwenye bafa ya 4 kama +177. Kontrola kazi yake ni kutafsiri hizo milivolti kuwa namba ya pH, na tafsiri hiyo umeifundisha wewe siku ulipokalibreti. Uliichovya, ukabonyeza, ukaiambia "hii ni 7", ikaamini. Ukaiambia "hii ni 10", ikaamini pia. Ungeichovya kwenye soda ukaiambia ni 7 kontrola nyingine zingeamini vilevile. Kukalibreti siyo kupima kama probu ni nzima, ni kuifundisha tu, na mwalimu akikosea mwanafunzi anakosea bila kujua kwamba anakosea.

Ndo maana sheria yangu ya kwanza ni hii: usibonyeze chochote kabla hujasoma. Chukua bafa mpya ya 7 na mpya ya 10, suuza probu, ichovye kwenye 7, subiri, andika kontrola inasema ngapi. Suuza, chovya kwenye 10, subiri, andika. Umemaliza, usikalibreti bado. Hizo namba mbili zitakwambia nani muongo, na watu wengi wanazitupa kwa sababu wana haraka ya kufika kwenye kitufe. Ukishakalibreti juu yake ushahidi umeufuta mwenyewe, hutajua tena kama ile 7.6 ya wiki nzima ilikuwa kweli au la.

Namna ya kuzisoma sasa. Ikisema 7.0 na 10.0, au pembeni yake kwa 0.05 hivi, probu yako ni mkweli na tanki lako asubuhi kweli lina 7.6, tutarudi huko. Ikisema 6.8 na 9.8, imehama nzima kwa 0.2 na tanki lina kama 7.8. Ikisema 7.0 kwenye bafa ya 7 lakini 9.5 kwenye ya 10, hapo probu imechoka, yaani kwenye hatua 3 za ukweli inakuonyesha 2.5 tu, kwa hiyo ile 0.6 iliyo juu ya 7 izidishe mara 3 ugawe kwa 2.5, unapata 0.72, tanki liko 7.7. Unaona probu iliyochoka inavyofanya, inavuta kila kitu kuelekea 7, na kwa sisi wa maji ya chumvi maana yake inasoma chini kuliko ukweli, mtu anaogopa, anamwaga dawa. Na ikisema karibu namba ileile kwenye bafa zote mbili, usihangaike, kioo kina ufa au waya umekufa.

Nilishapigwa na hiyo ya ufa. Probu ilikuwa na ufa mwembamba huwezi kuuona mpaka uigeuze kwenye mwanga, nikaikalibreti kwa nukta moja tu kwenye 7 kwa sababu nilikuwa na haraka, ikakubali vizuri, na nikaondoka nikiwa na amani. Kwenye tanki ikasoma 7.1. Nilitumia siku mbili kuwatibu samaki ambao hawakuwa wagonjwa.

Kama kontrola yako ina sehemu ya kuonyesha milivolti, tumia hiyo badala ya pH, ni nzuri zaidi kwa sababu milivolti hazijapitia tafsiri yoyote. Bafa ya 7 ikupe kati ya -30 na +30. Tofauti kati ya 7 na 10 iwe karibu na 177. Ukipata 165 au 170 endelea na maisha, ukiwa kwenye 155 anza kutafuta nyingine, chini ya 150 hiyo imeshachukua asilimia zaidi ya 15 ya mshahara wake bila kufanya kazi, iache iende.

Sasa kukalibreti kwenyewe. Kabla ya yote, na hili watu wanalisahau mpaka siku likiwafika: kama kontrola inaendesha kitu chochote kwa kufuata pH, pampu ya maji ya chokaa au valvu ya kaboni dioksaidi, zima hicho kitu kwa mkono kwanza, chomoa plagi kabisa. Manake ukichovya probu kwenye bafa ya 7 kontrola inaona "tanki limeshuka mpaka 7!" inaanza kumwaga chokaa, ukichovya kwenye 10 inafungua gesi. Wewe uko mezani unasubiri namba itulie, kule tanki linapikwa.

Kwa nini 7 na 10, siyo 7 na 4? Kwa sababu tanki lako linaishi kati ya 7.6 na 8.4, unataka liwe katikati ya nukta mbili ulizofundisha, siyo nje yake. Ukifundisha kwa 4 na 7 halafu ukasoma 8.2, kontrola inanyoosha mstari na kubahatisha upande ambao haijawahi kuuona. Kwa probu mpya haitakosea sana, ila kosa dogo la kwenye 7 linazidi kukua kadiri unavyopanda, bila nukta ya juu ya kulidhibiti. Zile probu zinazokuja na pakiti ya 4 na 7 pekee ni kwa ajili ya watu wa maji baridi, wewe tafuta 10.

Tatizo la 10 ni kwamba inaharibika upesi. Inanyonya kaboni dioksaidi kutoka hewani na kushuka taratibu, chupa ukiifungua fungua miezi sita inaweza kuwa siyo 10 tena huku lebo bado inasema 10. Bafa ya 7 na ya 4 ni ngumu zaidi. Ndo maana kwa 10 mimi natumia pakiti ndogo za kutumia mara moja, nakata, namimina, natumia, namwaga. Na usije hata siku moja ukarudisha bafa uliyotumia kwenye chupa yake, hata kama unaiona safi. Nimewahi kufanya ubahili huo, chupa moja nikaitumia muda mrefu narudisha narudisha, nikawa nashangaa kila probu ninayonunua "ni mbovu".

Hebu tupige hesabu kidogo, inasaidia kujua cha kuogopa. Tuseme bafa yako ya 10 imeshuka iko 9.8 kiukweli, wewe unaiambia kontrola ni 10. Maji yenye 8.2 ya kweli yatasomwa karibu 8.3. Kosa la 0.1, kwenda juu. Ukibonyeza haraka kwenye 10 kabla haijafika mwisho, kosa linaenda juu vilevile. Sasa geuza: umetoa probu kwenye tanki, hukuisuuza vizuri, umeichovya kwenye 7 na kubonyeza baada ya sekunde kumi wakati bado inashuka, milivolti ziko -10 badala ya 0. Maji ya 8.2 yatasomwa kama 8.1. Kosa la kwenda chini. Kwa hiyo kosa la kwenye 10 mara nyingi linakuinua, la kwenye 7 linakushusha, na ukikuta probu inasoma chini kuliko inavyostahili mara tu baada ya kukalibreti, mshukiwa wako wa kwanza ni ile hatua ya 7. Ila angalia ukubwa wake pia: makosa haya ni ya 0.1, siyo ya 0.6. Kutoka 8.2 mpaka 7.6 kwa uzembe wa kukalibreti tu inabidi uwe mzembe kweli. Ndo maana nakwambia nahisi sehemu kubwa ya 7.6 yako ni kweli.

Utaratibu wenyewe si mrefu. Toa probu, isuuze kwa maji ya RO (yaliyochujwa mpaka chumvi karibu zote zikatoka) au maji yaliyokenekwa, ikung'ute, kisha gusisha tishu pembeni matone yanyonywe. Usisugue kioo, ukisugua unakiwekea chaji ya umeme na namba inacheza hovyo dakika kadhaa. Andaa vikombe viwili vya bafa ya 7, kimoja cha kuoshea na kimoja cha kupimia, kidogo tu, kina cha sentimita mbili tatu kinatosha ilimradi ncha ya kioo na ile sehemu nyeupe ndogo ya pembeni yake vyote vizame. Chovya kwenye cha kuoshea, tingisha, hamia cha kupimia, zungusha taratibu kisha iache. Subiri namba isisogee kwa dakika nzima. Probu mpya inatulia ndani ya nusu dakika au dakika, ya zamani inaweza kuchukua dakika tano, mpe muda wake, ndiyo hapa watu wanapoharibu. Bonyeza. Suuza tena, rudia hivyohivyo kwa 10. Halafu, na hii ndo tofauti ya mtu makini na mtu mwenye haraka, rudi kwenye 7 bila kubonyeza chochote uone inasema ngapi. Ikisema 7.0, vizuri. Ikisema 7.1, kuna kimoja hukukisubiri, anza upya.

Kuhusu joto, watu wanaliogopa kuliko linavyostahili. Bafa ya 10 ni 10.06 kwenye nyuzijoto 20, 10.01 kwenye 25, na 9.97 kwenye 30. Ya 7 haisogei hata kidogo cha maana, 7.02 mpaka 6.99 kwa joto hilohilo. Kwenye pakiti kuna kajedwali, weka namba ya joto ulilonalo kama kontrola inaruhusu, kama hairuhusu acha pakiti zikiwa zimefungwa zielee kwenye samp nusu saa, zitakuwa na joto la tanki na utakuwa umemaliza. Ukikosea hapa kwa nyuzi tano unapoteza kama 0.02 kwenye 8.2. Na ile fidia ya joto ya kwenye kontrola, inarekebisha mwinuko wa milivolti wa probu tu, haijui bafa yako imebadilika kiasi gani wala maji yako yamebadilika kiasi gani.

Kama una shaka na bafa zako za dukani, au unataka shahidi wa tatu, kuna njia ya zamani ambayo mimi naipenda sana: boraksi. Gramu 3.8 za boraksi safi kwenye lita moja ya maji yaliyokenekwa inakupa pH 9.18 kwenye nyuzijoto 25, na uzuri wake ni kwamba hata mizani yako ikikosea kidogo pH haihami sana. Kalibreti kwa 7 na 10 halafu chovya kwenye boraksi, ikisema kati ya 9.1 na 9.25 bafa zako ni wakweli. Ichanganye mpya siku hiyohiyo na usiimwage kwenye tanki.

Kabla ya kukalibreti lakini, probu iwe safi. Wiki tatu kwenye samp yenye mwanga zinatosha kabisa kuipaka utando wa mwani, na ikiwa kwenye maji yenye alkaliniti kubwa kama ninavyohisi ya kwako, inapata na ukoko wa chokaa juu. Probu chafu ni nzito kutulia, na mtu anaikalibreti ikiwa bado inapanda mlima. Loweka kwenye maji yenye blichi kidogo, sehemu moja kwa kumi, dakika kumi au kumi na tano, hii inaua utando. Suuza sana sana. Kisha loweka kwenye siki nyeupe dakika ishirini, hii inatoa chokaa. Suuza tena. Ila blichi na siki visikutane hata kwa bahati mbaya, wala kwenye kikombe kimoja, ile gesi ya klorini inayotoka inaumiza mapafu. Brashi laini ya meno unaweza kuitumia kwenye mwili wa probu, siyo kwenye kioo. Baada ya kusafisha ilaze kwenye maji ya kuhifadhia saa moja au mawili, usiku mzima kama una subira, ndipo ukalibreti. Ukiisafisha na kuikalibreti papo hapo itahama kesho yake na utanilaumu mimi.

Maji ya kuhifadhia ni potasiamu kloridi, moli 3 kwa lita, ukitengeneza mwenyewe ni kama gramu 22 kwenye mililita 100. Usiihifadhi kwenye maji ya RO wala yaliyokenekwa, yale ya kusuuzia tu, ukiiacha humo chumvi iliyo ndani ya probu inachujuka taratibu na umeiua kwa usafi. Ikikauka siyo mwisho wa dunia, iloweke usiku kucha uijaribu.

Kingine cha kuangalia kabla hujahukumu ni umeme. Kioo cha probu kinapitisha umeme kwa shida mno, ukinzani wake ni mamia ya megaohm, ndo maana Arnold Beckman pale mwaka 1934 alipotaka kupima uchachu wa maji ya limau kwa ajili ya rafiki yake ilibidi ajenge kikuza umeme chake mwenyewe, vifaa vya wakati ule vilikuwa haviwezi kusoma kitu dhaifu namna hiyo. Wewe unacho hichohicho kitu dhaifu kwenye samp iliyojaa pampu, hita na skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa mapovu ya hewa). Hita yenye ufa inayovujisha umeme kwenye maji inaweza kusogeza namba kwa sehemu ya 0.1 au zaidi sana, na matone ya maji ya chumvi kwenye kiungio cha waya yanafanya hivyohivyo. Kipimo chake ni rahisi: soma probu ikiwa kwenye tanki, halafu chota kikombe cha maji hayohayo, peleka probu humo nje ya samp na usome papo hapo. Namba zikiwa sawa umeme hauhusiki. Zikitofautiana chomoa kifaa kimoja kimoja huku unaangalia kontrola, yule mharibifu atajitaja, na hita inayovuja siyo ya kurekebisha, ni ya kutupa leoleo kwa sababu hapo siyo pH tena, ni mkono wako. Waya wa probu usiufunge pamoja na waya za umeme mkubwa, na kiungio kiwe kikavu na juu kuliko maji.

Mahali pa kuiweka: palipo na maji yanayotembea lakini siyo mapovu, gizani kiasi, ncha ikitazama chini. Basi.

Haya, tuseme umefanya yote hayo na probu imethibitika ni mzima na asubuhi bado inasema 7.6 au 7.7. Hapo tatizo ni kaboni dioksaidi, na kwa kawaida haitoki tankini peke yake, inatoka chumbani. Hewa ya nje ina kama sehemu 420 kwa milioni. Chumba kilichofungwa madirisha, watu wamelala humo usiku kucha, kinapita 1000 bila shida, na maji ya tanki yanalingana na hewa yanayoigusa. Kaboni dioksaidi ikiongezeka maradufu na alkaliniti ikabaki vilevile, pH inashuka karibu 0.3. Ukipima alkaliniti ukakuta iko sawa, fanya jaribio hili: chota maji ya tanki asubuhi, yapime, yapeleke nje ya nyumba, weka jiwe la hewa lipige mapovu saa moja, yapime tena. Yakipanda mpaka 8.1 au 8.2 jibu unalo, maji yako hayana ubaya, yanakosa hewa safi. Fungua dirisha, au vuta mpira wa hewa wa skima mpaka nje, watu wengi wanapata 0.1 mpaka 0.2 kwa hiyo peke yake. Unaona kwa nini ile dawa ilikuwa inapanda na kurudi, ulikuwa unashindana na chumba kizima.

Na kusema ukweli 7.8 asubuhi na 8.1 jioni kwa matumbawe laini ni maisha mazuri tu, usikimbizane na 8.3 kwa sababu umeiona mahali. Hata wanasayansi wa bahari wanaposema bahari ina 8.05, mara nyingi wanatumia skeli nyingine ya pH inayosoma chini kwa 0.1 na kidogo kuliko ya bafa zako, kwa hiyo usilinganishe namba zao na zako moja kwa moja.

Ulitaka kujua kila baada ya muda gani. Probu mpya, kalibreti siku ya kwanza baada ya kuiloweka, kagua baada ya wiki, halafu kila mwezi. Nimesema kagua: chovya kwenye 7 na 10, soma. Ikiwa ndani ya 0.05 iache ilivyo, irudishe tankini, kila ukibonyeza bila sababu unaongeza nafasi ya kukosea. Ikizidi hapo, safisha ndipo ukalibreti. Kila mara andika tarehe na zile milivolti mbili kwenye daftari au kwenye simu, ukiona tofauti imetoka 174 ikawa 168 ikawa 160 utajua mapema inaelekea wapi. Nyingi zinaishi mwaka mmoja hadi miwili, na iliyokaa stoo inazeeka vilevile hata kama hujaifungua, kwa hiyo usinunue mbili kwa kujihami.

Kwa hali yako leo anza na alkaliniti, kesho asubuhi matone na probu kwa wakati mmoja, halafu bafa mpya mbili bila kubonyeza. Nitumie hizo namba, pamoja na dKH, na kama kontrola inaonyesha milivolti nitumie hizo pia, nitakwambia kama probu ni ya kusafisha au ya kutupa.